Santuri Niliyoiosha kwa Chang'aa

Nyinyi vijana mnabeba nyimbo elfu kumi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, halafu mnazikalia, na hakuna kinachovunjika. Mimi nilikalia wimbo mmoja tu, ndani ya basi la kutoka Sotik, na nesi akanitoa vipande vitatu vya tarumbeta na kimoja cha ngoma. Wiki nzima nilisimama. Hata uji nilinywa nimesimama, kama ng'ombe.

Kwa hiyo mkiniona nashika simu kwa vidole viwili, ukingoni, kama mtu anayebeba yai la moto, msicheke. Ni mazoea ya kazi.

Nilifanya kazi ya santuri mjini Kisii tangu muda mfupi baada ya Uhuru mpaka miaka ya sabini ikawa inaelekea kwisha. Kwa wazazi wa mke wangu nilijitambulisha kuwa mtaalamu wa muziki. Ukweli ni kwamba niliajiriwa katika duka la redio na gramafoni kufagia, nikapanda cheo hadi kupangusa, na baada ya kupangusa kwa uaminifu nikakabidhiwa bisibisi. Hapo ndipo matatizo ya wateja yalipoanza.

Sasa, santuri zilizouzwa sana siku zile zilikuwa ndogo na nyepesi, za magitaa, na vijana walizigombania dukani mpaka vifungo vya mashati vikaruka. Hizo sizo ninazozisema. Nazisema zile za kale, nene, nyeusi, nzito kama kigae, wimbo mmoja kila upande, dakika tatu basi. Bendi za dansi za ng'ambo zilizipiga kabla sijazaliwa. Jazi, ile ya moto. Watu kumi wenye tarumbeta, saksafoni na banjo wanaanza kama waliovamiwa na nyuki, ila wamekubaliana wote kukimbia kwa hatua moja. Katikati, mmoja anaachiwa njia apite peke yake, sekunde kumi na tano hivi, kisha wenzake wanamfunika tena. Hizo sekunde kumi na tano ndizo zilizonimaliza. Nilianza kukusanya santuri hizo kama watu wengine wanavyokusanya mbuzi, tofauti ni kwamba mbuzi huzaa.

Aliyeniambukiza ni Bwana Kaitano, fundi mkuu wa duka letu. Alikuwa Mgoa mwembamba aliyefika Kisii akitokea Bombay, mtu wa shati jeupe na tai hata siku ya kufungua betri iliyovuja, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama telegramu.

Siku moja lori lilileta sanduku kutoka Sotik. Mzungu fulani mwenye shamba alikuwa amefungasha kurudi kwao, akaona santuri za ujana wake ni mzigo. Mwenye duka alizitupia jicho, akaniambia niziweke nyuma, zitafaa kufunikia mitungi ya maji. Bwana Kaitano aliacha redio ya mtu imepasuliwa matumbo mezani, akachukua santuri ya juu, akaishika kwa kidole kimoja tunduni na kuigonga kwa kifundo cha kidole kingine. Ikalia ngiiing.

"Hii mzima," akasema.

Akagonga ya pili, ikatoa sauti ya mlango wa choo.

"Hii ina ufa. Macho haioni. Sikio inaona."

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya vivyo hivyo soko la Kebirigo kila aliponunua chungu. Aligonga, akasikiliza, na mfinyanzi akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Nikajua kazi hii naiweza, maana nilikuwa nimeisomea mgongoni mwa mama.

Kama kuna mmoja wenu atakayerithi santuri za mtu, asikilize hapa. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, maana ya chini hupasuka kwa huzuni. Badilisha sindano mara kwa mara. Sindano za chuma zilipotuishia tulichonga miiba ya mchongoma, na naapa mwiba wa mchongoma hulainisha tarumbeta mpaka iwe kama imekunywa maziwa. Sauti ikizidi, sokomeza soksi ndani ya pembe. Soksi iwe safi. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kupeleka gramafoni harusini Magwagwa, nikaambiwa nipunguze sauti wazee wanazungumza, na soksi iliyokuwa karibu ilikuwa ile niliyotembea nayo tangu asubuhi. Bibi arusi alitokwa na machozi. Wakasema ni furaha.

Harusi hiyohiyo nilijitia ujuzi. Badala ya nyimbo walizoomba nikawawekea jazi yangu ya moto, nikakunja mikono nikingoja wainuke wacheze. Watu walikaa tu wakitazama gramafoni kama wanaotazama mvua ya mawe ikipiga majani chai. Ilipokwisha, nyanya mmoja alinisogelea akaniuliza kwa heshima kama wale waliokuwa wakigombana humo ndani wamepatanishwa.

Na kuosha. Santuri huoshwa kwa maji vuguvugu na povu la sabuni kidogo, kwa kitambaa laini, unafuata mduara, lebo isilowe. Halafu kivulini. Hayo Bwana Kaitano alinifundisha wiki ya kwanza, akayarudia wiki ya pili, na nilipofika mwaka wa nane alikuwa ameacha kuyarudia. Hilo ndilo kosa lake. Yaliyobaki yote ni yangu.

Lebo nayo ina kisa. Nilipoanza kazi sikujua kusoma, lakini aibu ilinikataza kusema. Nikawa nazipanga santuri kwa rangi za lebo, na zenye rangi moja nazipanga kwa mikwaruzo. Mwalimu mmoja alikuja kununua nyimbo za dini, nikamfungia kwa karatasi vizuri sana, na Jumapili kanisa zima likasikiliza banjo. Bwana Kaitano hakunigombeza. Jioni ya Jumatatu alinishika mkono, akanivusha barabara, akaniingiza kwenye darasa la ngumbaru, la watu wazima, na kunikalisha kwenye dawati kati ya mzee wa soko na mke wa chifu. Magoti yangu yalifika masikioni. Nilikaa humo miaka miwili, nikahitimu wa kwanza. Mzee wa soko alihama na mke wa chifu alijifungua, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Bwana Kaitano alikuwa na santuri yake mwenyewe, moja, ya kutoka Bombay. Aliihifadhi ndani ya foronya, na kila Jumamosi adhuhuri, kabla hatujafunga duka, aliitoa akaipiga mara moja tu. Bendi ya hoteli. Nyuki, mbio, hatua moja. Ilipofika katikati, tarumbeta ikatoka peke yake, naye akainua kidole. "Huyu mimi," akasema siku ya kwanza. Hakusema tena, ila kidole kiliinuka kila Jumamosi.

Alikuwa mpigaji wa bendi ujanani. Kisha pikipiki ikamwangusha na kumtoa meno mawili ya mbele, na tarumbeta bila meno ya mbele ni bomba la maji. Ndipo akajifunza ufundi na kuvuka bahari. Nilipohitimu ngumbaru kitu cha kwanza nilichosoma kwa hamu ni lebo ya santuri ile, upande huu na upande ule, mpaka namba. Lilikuwamo jina la kiongozi wa bendi na jina la wimbo. La Kaitano halikuwamo. Ushahidi wote kwamba mtu huyu aliwahi kuwa mtu mwingine ulikuwa zile sekunde kumi na tano.

Jambo moja lilinisumbua. Kipande chake kilipokaribia kwisha, alikohoa. Kila Jumamosi, palepale, kabla tu wenzake hawajamfunika. Nilimhurumia kifua. Nilimletea tangawizi, nikamletea asali ya nyuki wakali wa kwetu ambao walinifukuza, bila chumvi, kutoka Kebirigo hadi karibu na Nyamira. Alishukuru, akala asali, Jumamosi ikafika, akakohoa.

Mwaka wangu wa nane dukani binti yake aliyeolewa ng'ambo alimwita akaishi naye. Safari ilipangwa Ijumaa. Alikuwa na sanduku moja tu la nguo, na katikati ya nguo aliacha nafasi ya mviringo.

"Mjukuu wangu anajua babu ni mzee wa redio," akaniambia. "Atasikia hii. Atajua."

Jumamosi ya mwisho aliipiga, akakohoa, akairudisha ndani ya foronya, halafu akanipa mimi. Akasema niende nayo nyumbani, niiage, niirudishe Jumatatu. Katika maisha yangu nimepewa mke, nimepewa shamba, nimepewa hata uenyekiti wa kamati ya maji. Sijapewa kitu kwa uzito ule.

Nyumbani Kebirigo mama yangu alikuwa Msabato wa kunyooka, Jumamosi ni ibada tupu, kwa hiyo niliisubiri Jumapili. Asubuhi niliipiga mara kumi na mbili, ndama akisikiliza dirishani. Mara ya kumi na mbili nikasikia ule mkwaruzo wake wa siku zote, tak, mwanzoni mwa kipande cha tarumbeta, nikafikiri: mjukuu wa watu atasikia tak kabla ya kumsikia babu yake. Nikaamua kumfanyia mzee zawadi. Nitaiosha ing'ae, itoke uchafu wote wa tangu Bombay.

Maji na sabuni niliviona ni vya santuri za kawaida. Dukani tulikuwa na chupa ya spiriti ya kusafishia mitambo ya redio, na Bwana Kaitano alikuwa amenionya mara mia kwamba spiriti ni ya chuma, santuri isiiguse kabisa. Nisikilizeni sasa akili ya mhitimu. Nilijiambia: spiriti ni dawa ya dukani, kali. Lakini chang'aa ni mahindi. Chang'aa ni wimbi. Ni chakula kilichochemshwa kikapanda mvuke, watu wanakunywa na matumbo yao hayayeyuki, sembuse santuri ngumu kama jiwe.

Nikavuka kijito kwa mama mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa wajukuu wake sasa ni wazee wa kanisa. Nilimweleza ni ya kuoshea santuri. Akanijazia chupa akisema kwa upole kwamba wote huja na sababu.

Mama yangu alinikuta uani na chupa mkononi. Alisimama na ungo wake. Alikuwa akiniita Tata, yaani baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, na akiniita hivyo polepole najua mambo ni mabaya.

"Tata. Hiyo ni nini?"

"Ni ya kuoshea santuri, mama."

"Nimeishi na walevi wa kila aina," akasema, "baba yako akiwa wa kwanza. Hata yeye hakuwahi kuniambia anaosha."

Akaenda zake kugeuza wimbi lake lililoanikwa juani kwenye jamvi.

Nikalowesha kitambaa, nikapangusa. Kitambaa kikatoka cheusi tii. Nikafurahi kupita kiasi. Uchafu wa miaka thelathini! Nikapangusa tena, kikatoka cheusi zaidi. Nikamimina moja kwa moja, nikasugua kama anayesugua sufuria ya matanga. Vijana, ule haukuwa uchafu. Ile ilikuwa santuri yenyewe. Nilikuwa nampangusa Bwana Kaitano kidogokidogo na kumkamulia chini.

Ilipoanza kunata nikadhani imelowa, inataka kukauka tu. Kivulini ingechelewa. Nikaitandika juani, pembeni mwa jamvi la mama, juu ya wimbi, mahali laini isije ikakwaruzwa. Nikaenda kula.

Niliporudi ilikuwa imejikunja ukingo wote kuelekea juu, kama bakuli. Punje za wimbi zilikuwa zimenasa upande mzima, zimepangika vizuri kuliko kilimo changu chochote. Na katikati, karibu na lebo, palikuwa na unyayo wa kuku, vidole vyote.

Niliiweka kwenye gramafoni hivyohivyo. Sindano ilipanda mlima wa kwanza, ikateremka, ikapiga sauti ya mvua juu ya mabati, ikaruka ikaanguka nje. Ndama aliondoka dirishani.

Jumatatu nilimwambia Bwana Kaitano nimeisahau nyumbani. Jumanne nikasema mvua ilinyesha nikaogopa kuilowesha. Jumatano nikasema mama yangu naye ameomba kuiaga. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akasema nimsalimie mama. Alhamisi hakuuliza. Alikuwa amekaa kando ya sanduku lake akirudia kuzikunja nguo zilizokwisha kunjwa, na kila mara mkono ulipofika kwenye ile nafasi ya mviringo uliizunguka. Siku hiyo sikula, na wanaonijua watawaambia hilo halijatokea tena.

Ijumaa basi lilikuwa la saa tatu asubuhi. Nilifika dukani saa mbili, santuri imefungwa kwa leso ya mama, nikaiweka mezani mbele yake nikaifungua mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, ya kingumbaru, yenye utangulizi. Yote ikapotea. Nikamwambia tu nilichofanya, kuanzia kijito mpaka kuku.

Aliinua santuri kwa vidole viwili, ukingoni, kama kawaida yake. Akaigonga kwa kifundo. Haikutoa sauti yoyote. Akabandua punje moja ya wimbi, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akaniuliza:

"Kabla ya kuosha, umesikiliza?"

"Mara kumi na mbili, Bwana Kaitano. Na Jumamosi zote za miaka minane."

"Basi imba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Sauti yangu mnaijua. Kwaya ya kanisa letu iliwahi kunipokea kwa mikono miwili, kisha ikaniomba nisaidie kupanga viti. Mlangoni wateja wawili walikuwa wanasubiri redio zao. Lakini mzee alikuwa amefumba macho.

Nikaimba. Nilianza na nyuki, nikapiga banjo kwa ulimi, nikakimbiza bendi nzima mpaka katikati. Nikafanya tak kwa kidole mezani, kwa sababu bila tak nisingejua pa kuingilia. Kisha nikatoka na tarumbeta yake, peke yangu, midomo nimeibana, jasho linanitoka, na nilikuta ninaijua yote. Kila inapopanda, kila inapojivuta kidogo nyuma ya ngoma. Mmoja wa wateja alianza kucheka akanyamaza.

Nikafika pale pa kukohoa. Pale tarumbeta hupanda, ikagusa mahali pa kando, kama mtu aliyekanyaga ukingo wa ngazi, kisha ikajirudi na kuteremka. Nikaimba hivyohivyo. Bwana Kaitano akafumbua macho.

Mara hii hakukohoa.

"Hapo nilikosea," akasema. "Noti si hiyo. Wakati ule ukikosea, imekwisha, imeandikwa. Miaka thelathini nakohoa hapo mtu asisikie."

Nikamwambia kweli yangu, maana uongo wa wiki ile ulikuwa umenitosha. "Mimi nilidhani hapo ndipo pazuri kuliko pote. Nilikuwa naona ni bahati mbaya kwamba kikohozi kinakupata palepale."

Akacheka, mkono mdomoni kwa ajili ya yale meno, akacheka mpaka tai ikaenda pembeni, na sikuwa nimewahi kuiona tai ile pembeni. Akaniambia niimbe tena, pale tu. Nikaimba. Akaniambia tena. Mara ya tatu akainua kidole.

Basi likapiga honi. Aliirudisha santuri ndani ya leso ya mama, wimbi, unyayo na vyote, akaitia kwenye ile nafasi ya mviringo. Ilikuwa imejikunja, ikabidi atoe shati moja ndipo sanduku likafungika. Shati hilo alinipa mimi.

"Mjukuu nitamwonyesha hii," akasema. "Nitamwambia, ile ya kusikia iko Kisii, kwa kijana mmoja mpumbavu."

Barua yake moja ilinifika, na niliisoma mwenyewe, neno kwa neno, bila kuomba msaada. Alisema watu wa forodha walikaa na ile santuri nusu saa wakijadiliana kama ni chakula.

Duka lilifungwa, gramafoni zikaisha, na zile santuri zangu nyingine zimebaki arobaini na kitu chumbani, zimesimama kama vitabu. Njooni mzisikilize, zote zimeoshwa kwa maji na sabuni. Ile moja hamtaipata humo. Ile naiimba nikichuma chai, na majirani wa shamba la chini wameizoea, hata wao hupiga tak kwenye vikapu vyao nikikaribia kuingia. Nikifika pale alipokosea napandisha sauti kuliko mahali pengine pote, na mpaka leo, kwa uzee wangu huu na kifua kibovu nilichonacho, nikifika hapo sikohoi.